Kiti cha Kando ya Sulemani

Mwaka ule wa hamsini na sita, Majengo ya Embu ilijaa mabingwa wa ndege, na katika mabingwa wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuzipanda. Walikuwa wameziona tu zikipita juu kwenda kumwaga mabomu msituni, huko mlimani, wakaona hiyo inatosha kuwafanya walimu. Ukitaka kuwasikia ungepita barazani kwa Ali mshona nguo baada ya sala ya alasiri. Ungewakuta wanazozana, na katikati yao Sulemani mwenye bucha, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, kimya, kana kwamba shauri lile ni la mtu mwingine.

Shauri lilikuwa lake. Binti yake wa pekee, Hidaya, aliolewa Unguja, na tangu mamake afariki alikuwa akimwita baba yake aende akapumzike. Njoo kwa ndege, baba, aliandika, wiki chache tu. Wala hakuwa anaropoka. Kwenda pwani kwa gari moshi siku zile za Hali ya Hatari, mtu mwenye kipande, kitambulisho, cha Embu alishushwa stesheni baada ya stesheni, akavuliwa viatu, akaulizwa maswali mpaka akasahau jina la babu yake. Watu wa ndege hawakuvuliwa viatu. Na uwezo Sulemani alikuwa nao, maana kambi ya askari ilikula nyama kila siku ya Mungu, na nyama hiyo ilitoka kwake. Biashara ile ilimkaa vibaya moyoni, lakini aliifanya.

Kulikuwa na kampuni mbili za kwenda Unguja. Moja ndege zake zilichorwa tausi mkiani, basi watu wakaiita Tausi. Ya pili ilichorwa mbayuwayu. Tausi ilikuwa kubwa, injini mbili, viti viwili viwili, na msichana wa kugawa chai. Mbayuwayu ilikuwa ndogo, injini moja tu puani, na iliondoka ikishajaa.

"Chukua Tausi," alisema Njue. Huyu alikuwa karani katika ofisi ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, kijana Mwembu wa kola safi, na kwa hiyo alijua kila kitu. "Ina injini mbili. Moja ikifa, inabaki nyingine."

"Na hiyo nyingine ikifa?" Sulemani aliuliza.

"Hapo ni Mungu."

"Basi si bora kuanza na Mungu moja kwa moja?" Ali alidakia, sindano mdomoni. "Chukua Mbayuwayu. Kitu chepesi huanguka polepole. Wewe ulishaona kitambaa kikianguka kwa kishindo?"

Kithaka, mchuna ngozi wa Sulemani, akauliza mtu akibanwa na haja huko juu anafanyaje. Swali hilo likala alasiri nzima. Kesho yake wakaanza upya na injini.

Sulemani hakuwa na haja na injini. Yeye alikuwa na swali moja, na kila alipoliuliza watu walimtazama kama amechanganyikiwa. Aliuliza, nani atakaa kando yangu?

Hebu nieleze hapa, msije mkamcheka bure. Kwetu sisi Waislamu, mtu anapokata roho hatakiwi kuwa peke yake. Anatakiwa awe na mtu wa kumtamkisha shahada, kumsomea taratibu sikioni mpaka ulimi wake ufuate, na ulimi ukishindwa, basi kidole cha shahada kisimame badala yake. Sulemani mwenyewe alikuwa amewafanyia hivyo wazee wengi wa Majengo. Alikuwa na sauti nzuri ya kazi hiyo, ya chini, isiyo na haraka. Sasa alitaka kujua, ndege ikianguka, yeye atasomewa na nani? Na hilo si swali la mtu aliyechanganyikiwa. Ni swali la mtu anayelala katika nyumba isiyo na mwingine.

Na hapo sijagusa kidonda chenyewe. Mkewe, Mwanamisi, alikufa yeye hayupo. Sulemani alikuwa amekwenda Meru kununua ng'ombe, akamwacha na kikohozi, si zaidi. Aliporudi alizuiwa Nkubu, njia imefungwa, wanajeshi wanapekua kila kichaka. Embu nako kulikuwa na kafyu ya kutwa kucha, hakuna kutoka nje. Kikohozi kikageuka kichomi. Kafyu ilipolegezwa, wanawake wa Kiislamu walioingia walimkuta Mwanamisi ameshakufa, na kando yake ameketi Wanjira, jirani wa ua mmoja, Mkristo, muuza mboga kutoka Karurumo. Wanjira alisema neno moja tu, "Amelala," akatoka. Wakamwosha, wakamzika. Sulemani alipofika alikuta udongo bado mbichi.

Kwa hiyo katika kila barua, baada ya salamu na baada ya kumwita, Hidaya alimuuliza baba yake jambo lile lile. Nani alimtamkisha mama? Na kila mara Sulemani alijibu habari za mvua na afya ya ng'ombe. Angesema nini? Kwamba mama yako alikufa na Mkristo ameketi pale, hajui la kusema? Hidaya anaishi mahali penye msikiti kila kona, angelielewa vipi hilo? Ukweli ni kwamba Sulemani aliogopa kufika Unguja kuliko alivyoogopa kuanguka njiani. Watu wa barazani hawakulijua. Walidhani anaogopa ndege, naye akawaacha wadhani hivyo, akaendelea kuchagua. Alichagua tangu mvua za masika mpaka kahawa ikaanza kuiva.

Alianza na Mbayuwayu. Wakala wake pale Embu alikuwa Kanji, Mhindi wa duka la sukari na vitambaa. Kanji hakupoteza wakati.

"Panda," alisema, akimwonyesha mizani ya magunia.

"Nipande kufanya nini?"

"Ndege dogo, kila mtu pimwa. Mzito kaa mbele, mwepesi kaa nyuma. Sivyo, pua naangalia juu, wewe nafika Abisinia."

Sulemani akapanda. Maisha yake yote alikuwa amepima vitu vingine, na sasa yeye ndiye aliye juu ya chuma, wateja wa sukari wanamtazama. Aliyahisi macho yao yakimkagua, paja, kidari, mbavu, na kwa mara ya kwanza aliwahurumia mafahali wake. Kanji alisoma mizani, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema huyu ni wa mbele kabisa, ubavuni mwa rubani.

"Rubani ni Mwislamu?"

"Mzungu wa Nanyuki."

"Ni mtu wa dini?"

Kanji alifikiri kwa haki. "Asubuhi hapana kunywa," alisema.

Basi Sulemani alipopeleka ngozi Nairobi, na kibali chake mfukoni, aliingia ofisi ya Tausi. Karani alikuwa Mgoa mwenye tai, mpole ajabu, akamkalisha kitini kama mgeni. Sulemani akauliza swali lake. Karani akatabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Hakuna mtu atakayekusumbua. Kiti cha kando yako tutakiacha kitupu."

"Lakini mimi nataka mtu."

"Utanyoosha miguu," karani alisema, akaanza kupanga karatasi zake.

Njia nzima ya kurudi Embu Sulemani alijiona amekirimiwa. Alipomsimulia Njue, kijana yule mwenye kujua kila kitu hakucheka. Alitazama viatu vyake.

"Huwa wanafanya hivyo Mwafrika akipanda," alisema. "Mzungu hataki kukaa naye. Wewe wamekuambia ni heshima, basi."

Heshima ile ikamgeukia Sulemani ikawa tusi. Hata mwizi huko korokoroni ana mtu wa kugusana naye bega, yeye atarushwa angani na kiti. Kwa hiyo uchaguzi wake, ukiuondolea injini na mkia, ulikuwa huu, Mzungu anayekunywa kuanzia adhuhuri, au hakuna mtu.

Alijaribu njia ya tatu, ya kwenda na mtu wake. Alimwambia Ali, twende, nitakulipia. Ali akasema ana sare za askari za kushona mpaka mwaka ugeuke. Maalimu wa msikiti akasema mgongo unamuuma. Kithaka hangepewa kibali cha kupita Thika, sembuse Unguja. Basi watu wakaisha hapo hapo. Alipokuwa akikata nyama alitafuta kichwani mtu mwingine wa kumwambia njoo ukae nami, hakumwona. Kila mtu Majengo alikuwa amempa ushauri. Ubavu hakupewa na mtu.

Nyumbani alikula peke yake alichopika mwenyewe, na alipika vibaya. Ua ule ulikuwa na pande mbili. Huku yeye, kule Wanjira, ambaye mwanawe Mbogo alikuwa kizuizini Manyani. Walikutana kwenye bomba la maji, kila mmoja anatazama ndoo yake. Zamani Wanjira alikuwa mteja wake, matumbo kila Jumamosi, na utani mwingi na Mwanamisi juu ya kupimiwa mafuta. Tangu msiba hakukanyaga bucha. Sulemani aliona wazi kwamba yule mama ana jambo, na kama halisemi basi ni baya. Pengine Mwanamisi alihangaika sana. Pengine alimwita mumewe mpaka mwisho. Hakutaka kuambiwa, na hakuacha kulifikiria.

Mwishowe Ali alichoka.

"Baba Hidaya, unachagua ndege au unachagua mke?" alisema. "Maana hata mke ungekuwa umeshapata, na amezaa."

Barazani wakacheka sana, na Sulemani akaona haya, akaenda akalipia Tausi. Sababu hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba kiti kitupu hakinywi.

Sasa kuna desturi yetu. Mtu akienda safari kubwa asiyojua kama atarudi, huzunguka kwa majirani kuwaomba radhi. Kama nimekusengenya, kama nimekupunja, nisamehe, niende na roho nyepesi. Kwa mwenye bucha hiyo si kazi ndogo. Watu wa Majengo waliifurahia mno. Walimkumbusha mifupa yote aliyowawekea kwenye mizani tangu vita vya Wajerumani, kisha ndipo wakamsamehe, mmoja mmoja, kwa madaha. Alikwenda mlango kwa mlango. Mlango mmoja akauruka, akarudi chumbani kwake kufunga sanduku.

Sanduku lilikataa kufungika. Au yeye ndiye aliyekataa, sijui. Alilikalia, akalifunga, akalifungua tena. Ukiomba radhi watu wote ukamwacha mmoja, yule uliyemwacha ndiye anayekuhusu. Alilijua hilo. Akanyanyuka, akavuka ua ambao hakuwahi kuuvuka tangu mazishi, akabisha.

"Hodi, Mama Mbogo."

Wanjira alifungua mlango nusu. Alikuwa anachambua njahi, maharagwe yale meusi, na punje chache zilikuwa bado kiganjani.

"Baba Hidaya."

"Naenda safari. Nimekuja kuomba radhi. Kama kuna nililokukosea, unisamehe."

Yule mama alimtazama. Kisha akatazama ua mzima, langoni, dirishani kwa watu. Akamshika mkono, akamvuta ndani, akafunga mlango. Alikaa chini kwenye ngozi yake ya mbuzi akaanza kulia bila kutoa sauti, na Sulemani akasimama pale hajui mikono yake aiweke wapi.

"Mimi ndio nilikukosea," Wanjira alisema. "Kuna kitu mimi sijakuambia."

Kiswahili cha Wanjira kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo kilimtosha. Alisema kwamba ile siku ya kafyu, mchana, jua kali, Mwanamisi aligonga ukuta. Yeye akaenda kwa mlango wa uani, akainama asionekane. Alimkuta anatafuta pumzi. Akaketi, akamwekea kichwa mapajani.

"Akaniambia, Wanjira, leo hapa hakuna Mwislamu, ni wewe tu. Nitakufundisha maneno. Akaniambia, sema na mimi. Tukasema pole pole, kidogo kidogo, mpaka mimi nikashika. Halafu sauti yake ikaisha. Nikaendelea kusema pekee yangu, hapa kwa sikio, vile yeye aliniambia nifanye. Mimi sijui nilisema nini, Baba Hidaya. Nilisema tu. Lakini mkono yake ilikuwa hapa kwa goti yangu, na kidole moja ikasimama. Ikasimama hivyo mpaka akaenda."

Sulemani aliketi chini, mbele ya njahi za watu, mtu mzima na kanzu yake.

"Mbona hukuniambia?" alisema. "Wanjira, mbona hukuniambia?"

Wanjira alifuta uso kwa leso, na sasa hakulia tena. Alikuwa amekasirika.

"Wewe unaishi Embu gani? Mlango imefungwa. Mtu ananiambia, sema na mimi. Mimi ninasema maneno sijui, tena na tena. Hapo nje homugadi anapita, ninasikia viatu yake. Na mtoto wangu iko Manyani. Hiyo kitu inaitwa nini? Niambie wewe."

Sulemani alilijua jina, maana hakuna aliyeishi Embu miaka ile asiyejua inaitwa nini. Kusema maneno nyuma ya mtu, mlango umefungwa, kulikuwa ni kula kiapo cha watu wa msituni, na mwisho wa kiapo ulikuwa kamba ya kunyongea. Nani angekaa kumsikiliza muuza mboga, mama wa mfungwa, aeleze kwamba maneno yake yalikuwa mengine? Na hata kama serikali ingemwachilia, lilikuwapo kanisa lake, wazee wangemkalisha nyuma na kumkataza meza ya Bwana. Basi akalimeza. Akaacha kununua nyama ili asiulizwe. Na Sulemani naye alikuwa amejitenga ili asiambiwe. Ukuta mmoja, huku analia wa huku, kule analia wa kule, kila mtu na msiba wake kana kwamba aliyekufa si mmoja. Mimi nikiwafikiria nakasirika mpaka leo.

"Usimwambie mtu wa hapa," Wanjira alisema.

"Na Hidaya?"

"Hidaya iko mbali. Huyo mwambie."

Tuje kwenye ndege. Hidaya aliwahi kumwandikia kwamba ni kama kukaa sebuleni, na Hidaya alimdanganya. Ilinguruma, ikatikisika, ikanuka mafuta na manukato ya akina mama wa Kizungu. Sulemani aliwekwa nyuma kabisa, dirishani, na kiti cha kando kitupu kama alivyoahidiwa. Hakujua mkanda unafungwaje, akaupiga fundo. Msichana wa chai akaja, akalifungua fundo kwa upole, akaubana mkanda inavyotakiwa. Kisha akarudi na sinia dogo. Kwenye sinia kulikuwa na peremende, na kando ya peremende, pamba.

Sulemani aliitazama ile pamba. Kwetu pamba hutiwa maiti, puani na masikioni, akishaoshwa. Na ndege haikuwa imenyanyuka hata kidogo.

"Tayari?" alimuuliza msichana.

Msichana hakuelewa. Alijigusa masikio yake kumwonyesha, akacheka kidogo, akasonga mbele. Sulemani akawaona Wazungu wote wanajitia pamba kwa mikono yao wenyewe, wametulia, wengine wanasoma gazeti, akasema moyoni kwamba watu hawa, uwachukie usiwachukie, ni majasiri. Ya kwake akaitia mfukoni. Peremende akaila.

Ndege ilipoiacha ardhi alisoma shahada kwa sauti, akairudia, na ngurumo ikaimeza, hakuna aliyegeuka. Alisoma mpaka koo likakauka. Baadaye, alipoona kwamba bado yu hai, alithubutu kufungua macho, na dirishani kulikuwa na Kilimanjaro. Si mguu wa mlima, si mabega. Kichwa chenyewe, theluji na shimo lake, karibu, kinang'aa. Maisha yake yote alikuwa ameuangalia Mlima Kenya kutoka chini. Aligeuka, mdomo umeshafunguka kusema tazama, na kwenye kiti hakukuwa na mtu.

Akaufunga mdomo. Upweke ulimshika pale kuliko ulivyowahi kumshika kule nyumbani. Alimtaka Mwanamisi, si wa kumwombea, wala si wa kumtamkisha, alimtaka aone tu ule mlima na aseme maneno yake ya upuuzi. Msichana alipoleta chai aliikataa kwa mkono.

Hidaya alikuja kumpokea na mumewe. Alikuwa amenenepa, anatembea kama mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alimwacha ale kwanza. Wali wa nazi, samaki, tena akamwongezea. Mumewe alipokwenda msikitini, Hidaya alikaa mbele ya baba yake, akakunja upindo wa kanga, na kabla hajauliza Sulemani alimwambia. Alimwambia yote, kugonga ukuta, mapajani, sema na mimi. Hidaya alisikiliza hajatikisika.

"Kidole kilisimama?" aliuliza.

"Kilisimama."

Alijifunika uso na kanga akalia kwa sauti, kilio kirefu cha mtu aliyekuwa amekizuia miaka, na baba yake akamshika kichwa. Alipotulia akauliza lililokuwa halina budi kuulizwa.

"Baba, mlikuwa ua mmoja. Mbona hukumuuliza siku zote hizo?"

"Niliogopa," Sulemani alisema.

Hidaya hakumlaumu. Aliinuka kutafuta kalamu, akasema atamwandikia Wanjira leo hii, na Sulemani akamshika mkono. Akamweleza kwamba barua zinafunguliwa, na kwamba kwa asante yake angempeleka yule mama kunyongwa. Basi, Hidaya alisema, utambebea wewe mdomoni. Na kwa muda wote wa mapumziko, wakiwa jikoni, wakiwa uani, alikuwa akimwongezea mzigo ule. Mwambie yeye ni mama yangu. Mwambie nikijaaliwa msichana nitamwita jina lake. Mwambie kila nikisali namtaja. Sulemani aliyashika yote.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, au ndivyo ilivyokuwa kwake. Alikuwa na haraka. Majengo walimngoja barazani na maswali yao, injini, haja, chai, akawapungia mkono akapita moja kwa moja mpaka uani. Mlangoni kwa Wanjira kulikuwa na kufuli.

Njue ndiye aliyemwambia. Amri ilitoka, wanawake wenye watoto vizuizini warudishwe vijijini kwao. Lori lilikuja asubuhi moja. Wanjira aliruhusiwa kubeba sufuria na blanketi.

Ijumaa baada ya sala Sulemani alifunga nyama nzuri, ya paja, isiyo na mfupa, akaiweka nyuma ya baiskeli akaenda Karurumo. Kijiji kilikuwa kama vijiji vyote vya miaka ile, nyumba zimebanana, na kuzizunguka handaki refu lililosimikwa vijiti vyenye ncha. Daraja la magogo, na homugadi, mgambo wa serikali, mwenye bunduki, kijana tu. Alikwenda kumwita Wanjira, akasimama katikati yao.

"Semeni Kiswahili, nisikie," alisema. "Na msikawie."

Wanjira alikuwa amekonda, na udongo wa kazi za lazima ulikuwa mikononi mpaka viwikoni. Sulemani alikuwa na maneno yote ya Hidaya mdomoni, amekuja nayo kutoka ng'ambo ya bahari, na hakuna hata moja lililoweza kutoka.

"Hidaya anakusalimu," alisema. "Anakusalimu sana."

"Ulifika?"

"Nilifika. Nilimweleza habari za hapa. Zote."

"Habari gani za hapa?" homugadi aliuliza.

"Za msiba," Sulemani alimwambia. "Nilifiwa na mke."

Kijana akatazama pembeni. Wanjira aliipokea nyama, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Umwambie Hidaya," alisema, "siku ile hata mimi nilikuwa na mtu kando yangu."

Homugadi akasema inatosha. Wanjira alivuka magogo, akapotea kati ya nyumba, na Sulemani akageuza baiskeli.